Makumbi Yana Deni la Chumvi

Nyanya iliyooza kitako haina mdudu wala ukungu uliouanzisha uozo huo. Upande wa chini, mbali na kikonyo, hubonyea na kuwa mweusi kama ngozi iliyokauka, ilhali majani juu yamestawi. Mkulima hukimbilia dawa. Dawa ikishindwa, huongeza mbolea. Kumbe tunda limekosa kalisiamu, na huenda kalisiamu imo tele katika maji aliyomwagilia. Anayetaka kupanda nyanya bila udongo kwenye kitalu nyumba, Milola au Kilwa, na aanzie hapo: uwiano wa virutubishi una uzito kuliko wingi wake.

Sababu ya kuuacha udongo inaeleweka. Mnyauko bakteria na minyoo fundo vikishaingia shambani, huweza kudumu kwa miaka. Badala ya udongo, pwani ina makumbi ya nazi, ambayo vumbi lake hushika maji na hewa kwa pamoja. Lakini vumbi hilo si chombo kitupu. Kwa desturi ya pwani yetu, makumbi hufukiwa miezi kadhaa kwenye tope la bahari, kisha hupondwa kupata usumba wa kusokotea kamba. Vumbi linalobaki limekunywa chumvi. Hata makumbi ambayo hayakugusa bahari yana potasiamu na sodiamu ya asili. Ukiyamwagilia mbolea, hunasa kalisiamu na magnesiamu, yakaachia sodiamu na potasiamu. Basi kinachofika kwenye mzizi sicho ulichomimina. Deni hilo hulipwa kabla ya kupanda: vumbi lisuuzwe kwa maji baridi, lilowekwe siku nzima katika maji yenye kalisiamu naitreti, kisha lisuuzwe tena.

Mche ukishapandwa, kanuni ni ileile. Lita moja ya maji ya kulishia nyanya kwa kawaida hubeba miligramu 150 hadi 200 za naitrojeni, kiasi kama hicho cha kalisiamu, na 200 hadi 350 za potasiamu. Matunda yakijaa, mkulima hushawishika kuzidisha potasiamu, nayo hugombania mlango wa mzizi na kalisiamu. Tena kalisiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani. Tunda hutoa jasho kidogo, kwa hiyo hupata mgao mdogo. Unyevu wa masika ukitanda ndani ya kitalu, mvuto huo hulegea. Kufungua pembeni hewa ipite, basi, nako ni kulisha. Hata kuchanganya kuna adabu yake: kalisiamu naitreti ikae ndoo yake, salfeti na fosfeti ndoo nyingine. Zikikutanishwa zikiwa nzito, maji hugeuka meupe kama uji mwepesi. Jasi hutuama chini, mmea ukabaki na njaa na matundu ya mipira ya matone yakaziba.

Atakayesema samadi inatosha ana hoja, ila hoja yake inategemea udongo. Naitrojeni nyingi ya samadi husubiri vijidudu viivunje, navyo ni haba katika makumbi yaliyosuuzwa. Atakayesema gharama ni kubwa naye hakukosea: penye bonde lenye maji na udongo usio na mnyauko, udongo unashinda. Lakini shamba likishaambukizwa, udongo wa bure unaoua miche ni ghali kuliko ndoo mbili na kipimo cha chumvi. Kipimo hicho hulinganisha maji yanayoingia na yanayochuruzika. Yanayotoka yakizidi sana kwa chumvi, mwagilia zaidi mpaka sehemu ya tano hivi ya maji ichuruzike. Kisima cha mwamba wa matumbawe nacho kina lake: chokaa yake hupandisha pH, na ikipita 7 chuma hufungika, majani machanga yakageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ndiyo maana maji hupimwa kwanza, makumbi husuuzwa pili, na nailoni ya paa hununuliwa mwisho.