Kulima kwa Ekipe

Wewe mkulima wa Swima, huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa watu wanaojua kufanya kazi pamoja. Shuka ziwani usiku wa giza. Utaona mitumbwi imefungwa pamoja kwa miti, wavu umeshushwa, taa zinawaka juu ya maji. Taa huwavuta ndagala. Wakiisha kukusanyika, wavu huinuliwa, na sharti kamba zote zivutwe kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukichelewa, wavu huinama na samaki hutoka. Mmoja ndiye anayetoa neno la kuvuta, na wengine hawabishani naye wakati ule. Tena kila mtu ajua fungu lake kabla mtumbwi haujasukumwa majini.

Sasa panda shambani. Huko mara nyingi twaona kikundi cha watu thelathini, kina rais, katibu na mtunza fedha, lakini siku ya kulima wafika tisa. Kwa nini watu wale wale wavutao wavu vizuri usiku washindwe na jembe mchana?

Sababu moja ni wingi wao. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, aliyekuwa mhandisi wa kilimo, aliwapima watu na wanyama wakivuta mizigo, akaandika habari zake mwaka 1913. Alihesabu nguvu ya mtu avutaye peke yake kuwa 100. Wawili wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa 93. Watatu, kila mmoja 85. Wanane, kila mmoja 49 tu! Yaani watu wanane walivuta kama wanne. Hawakuvuta kwa wakati mmoja, na kila mmoja alitegemea kidogo mkono wa jirani yake. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani walimfunga mtu macho, wakamwambia ya kuwa wengine wanavuta nyuma yake, na kumbe anavuta peke yake. Hata hivyo alipunguza nguvu.

Basi ninyi thelathini msilime kama kundi moja. Jigaweni ekipe za watu watano au sita. Pimeni shamba kwa kamba, kila mtu apewe mstari wake, ili jioni ionekane nani amelima na nani ameegemea jembe. Huku si kumwonea mtu haya. Mvivu hupenda sana shamba lisilopimwa.

Pengine utasema, "Afadhali nilime peke yangu." Kwa kupalilia, naam, waweza. Lakini kuna kazi moja ambayo mtu mmoja hawezi, nayo ni kuukinga muhogo na batobato. Wajua ugonjwa huu: majani hujikunja, huwa na mabaka ya manjano, mti hudumaa, na chini wapata mizizi myembamba. Ugonjwa huenea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mbegu: ukikata miti ya mhogo mgonjwa ukaipanda, umepanda ugonjwa. Njia ya pili ni nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Hunyonya mti mgonjwa, kisha huruka kwenda kwenye mti mzima. Nzi hawa hawajui mpaka wa shamba. Wewe ukipanda mbegu safi, na jirani yako akiacha miti yake migonjwa isimame kando yako, taabu yako yaweza kupotea.

Kwa hiyo ekipe ifanywe na wenye mashamba yanayopakana, si marafiki tu. Wapitie mashamba yote pamoja katika miezi mitatu ya kwanza, wang'oe kila mti wenye dalili. Hapo ndipo patakapokuwa na ugomvi, kwa maana ni vigumu kutazama mwenzako aking'oa mhogo wako. Patana nao kabla ya kupanda: nani atang'oa, na aliyeng'olewa miti mingi atasaidiwaje. Katika likelemba, ambapo ekipe hulima leo kwa huyu na kesho kwa yule, ni vyema mwenye shamba asiwe mkubwa wa kazi siku ya shamba lake mwenyewe.

Ugomvi wenyewe usikutishe. Mmarekani Bruce Tuckman alikusanya habari za vikundi vingi, akaonyesha mwaka 1965 ya kuwa kwa kawaida hupita hatua nne. Kwanza watu huonana kwa adabu, kila mmoja akichungulia. Pili hugombana. Tatu hupatana juu ya desturi zao. Ndipo kazi inapokwenda. Vikundi vingi hufa katika hatua ya pili, maana wanachama hudhani ugomvi ni alama ya kuvunjika. Mkiwa mmegombana juu ya saa za kufika, wekeni saa. Msichague rais mpya kila mkigombana.

Katika Swima kuna jambo jingine. Wengine walibaki wakati wa vita vya 1996 na miaka iliyofuata, wengine walikimbilia Tanzania, na tangu 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Shamba lililoachwa na mmoja lilikuwa limekwisha kulimwa na mwingine. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima au zaidi. Ekipe ikipanda katika shamba la kuazima, na mwenyewe akilidai kabla ya mavuno, ekipe imekufa, na pengine damu itamwagika. Andikeni mapatano mbele ya mkubwa wa kijiji, mtaje misimu mtakayolima, kisha ndipo mshike jembe.

Hatukusahau ya kuwa wazee walilimishwa kwa nguvu: tangu 1917 kwa amri ya Wabeleji, na baadaye kwa salongo ya Mobutu. Hiyo haikuwa ekipe, na mtu akichukia kusikia kengele ya kazi, ana sababu.

Kazi nzito ya kufyeka iwekeni siku za mbalamwezi. Wakati ule taa hazivuti ndagala vizuri, na wavuvi wako nyumbani. Mbegu safi zikifika, zifunikeni kivulini, zipandwe upesi, mita moja kati ya mti na mti kila upande. Wakati wa mavuno hesabuni miti ya mbegu mbele ya wote, mkaanze na yule ambaye shamba lake liling'olewa zaidi.