Hasira za Jioni Huanzia Usiku wa Jana

Mtu ameamka na furaha, kawatania majirani, kawaaga watoto vizuri. Anarudi saa kumi na moja jioni hana hata salamu. Kijiko kikianguka anafoka. Baada ya saa mbili ametulia, anajuta, anawaita watoto wakae karibu naye. Nyumbani watasema ana gubu, au kaamka na kisirani, au kuna kitu kimempata. Yeye mwenyewe akifika kliniki huwa ameshajihukumu kwamba ana roho mbaya. Mimi siulizi kwanza habari za roho. Nauliza: jana ulilala saa ngapi, leo umeamka saa ngapi, na juzi je?

Hisia kupanda na kushuka ni jambo la kawaida kwa kila mwenye ubongo. Aliyefiwa atalia, aliyedhulumiwa atakasirika, na hakuna dawa inayopaswa kumzuia. La kuangaliwa ni pale hisia inapoipita mbali sababu yake, chumvi iliyozidi kwenye mchuzi ikazaa ugomvi wa siku mbili. Hapo, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, chanzo kimo mwilini: usingizi, mwanga, chakula, homoni, na vitu tunavyokunywa au kutafuna. Kati ya hivyo vyote mimi nautanguliza usingizi, na hasa saa ya kuamka.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna fungu dogo la seli zipatazo 20,000 ambazo kazi yake ni kushika saa ya mwili. Saa hiyo ndiyo inayopandisha homoni ya kortisoli kuelekea alfajiri, ikafika kileleni muda mfupi baada ya kuamka ili mtu apate nguvu za kuianza siku. Giza likiingia, inaachia melatonini inayouandaa mwili kulala. Inaongoza joto la mwili, njaa, na kwa kiasi kikubwa uchangamfu. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hii ndani ya seli. Waligundua hayo kwa kuchunguza nzi wadogo wa matunda, na utaratibu wa namna hiyohiyo umo ndani yetu.

Kwa watu wengi saa ya mwili huchelewa kidogo, maana mzunguko wake unazidi saa 24. Ni lazima irekebishwe kila siku, na kirekebishi chake kikuu ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumejaliwa hapa. Dar es Salaam au Mombasa, jua la Juni na jua la Desemba hayapishani hata saa nzima katika kuchomoza. Watu wa Norway na Sweden hupitia miezi ya giza, na wapo wanaougua sonona kila kipupwe kwa sababu hiyo. Sisi jua tunalo mwaka mzima, halafu tunalikimbia: usiku tumeinamia simu hadi saa saba, asubuhi pazia limefungwa.

Mchukue kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri siku za kazi ili awahi daladala. Ijumaa na Jumamosi anaangalia mpira, anapiga soga, analala saa nane usiku na kuamka saa tano. Jumatatu mwili wake bado uko Jumapili. Kortisoli haijapanda wakati wake, usingizi haukutosha, na konda akimrudishia chenji pungufu, vita inaanza. Kijana huyu hana haja ya kuombewa hasira. Anahitaji kuamka saa ileile, au isiyopishana sana, siku zote saba, na kutoka nje mapema akapigwa na mwanga wa jua kwa dakika kama 20. Saa ya kulala itajirekebisha yenyewe ndani ya siku chache, kwa kuwa usingizi utamjia mapema. Wengi hujaribu kinyume chake: wanajilazimisha kulala saa tatu, wanagaagaa kitandani, wanakata tamaa.

Kwa nini kukosa usingizi kuguse hasira, badala ya kuleta uchovu tu? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwachukua vijana 26 wenye afya, wengine wakalala kama kawaida, wengine wakakaa macho kwa takriban saa 35. Kisha waliwaonyesha picha, za kawaida na za kutisha, huku ubongo wao ukipigwa picha na mashine. Sehemu iitwayo amigdala, ile inayopiga kengele ya hatari, iliwaka kwa kiasi cha asilimia 60 zaidi kwa wale wasiolala. Aidha mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kutuliza, yalikuwa yamelegea. Ndiyo maana aliyekesha hupandwa na ghadhabu kwa neno ambalo kesho yake, akiwa amelala, litampita.

Najua wapo watakaosoma haya kwa uchungu: mlinzi wa zamu ya usiku, muuguzi, mwoka mikate, na mama mwenye kichanga. Kwa wa zamu, la msingi ni kulala mara tu wanapofika nyumbani, chumba kikiwa na giza kweli, hata kwa kubandika kitambaa kizito dirishani, na waliomo nyumbani wauheshimu usingizi huo kama wa usiku. Kuosha vyombo nje ya dirisha la mtu aliyelinda usiku kucha ni kumwibia kitu anachokihitaji sana.

Kuhusu mama aliyejifungua nina la kusema zaidi. Kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kujifungua, homoni zilizokuwa juu wakati wa ujauzito huwa zimeporomoka, na akina mama wengi sana hulia bila sababu, hucheka, halafu hulia tena. Hali hii kwa kawaida hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Desturi yetu ya arobaini, ambapo mzazi hukandwa, hupikiwa uji na mtori, na mama yake au mama mkwe humpokea mtoto ili yeye apumzike, ni tiba ya kweli, kwa sababu inampa mama usingizi na mtu wa kuwa naye. Nasikitika kuona mijini inafifia, mama anarudi jikoni siku ya nne, na ndugu wanaleta kitenge na maneno matamu halafu wanaondoka. Kama unataka kumsaidia mzazi, mshike mtoto kwa saa tatu, yeye alale. Wiki mbili zikipita na huzuni ikazidi, au mama akaogopa kubaki peke yake na mtoto, huo si uzembe wala deko. Ni ugonjwa unaotibika na aende kliniki.

Tuje kwenye vikombe. Kafeini ya kahawa na chai huchukua wastani wa saa tano hivi kupungua nusu mwilini. Kahawa chungu ya kijiweni ya saa kumi na moja jioni, nusu yake bado inazunguka saa nne usiku. Unaweza kusinzia, lakini usingizi unakuwa mwepesi, na bili yake inalipwa na watoto kesho yake jioni. Ushauri wangu ni kahawa iishie saa nane mchana. Mwezi wa Ramadhani nao una somo lake. Aliyezoea vikombe vinne kwa siku akiacha ghafla, kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na hasira huwa kali zaidi siku ya kwanza na ya pili. Watu wanailaumu saumu, kumbe ni kafeini. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tangu katikati ya Shaabani, kabla hata hujafikiria kuvunja jungu, na siku za mwanzo za mfungo zitakuwa nyepesi.

Mirungi, au miraa kwa walioko Kenya, ni habari nyingine kabisa. Kemikali yake kuu, kathinoni, huusukuma ubongo kumwaga dopamini kwa wingi, mtu akawa na maneno, mipango na furaha. Ikiisha, dopamini imepungua: anabaki na unyonge, wasiwasi na hasira, usingizi haupo, na kesho anatafuta kifundo kingine ili arudi alipokuwa. Pombe hufanya mzunguko unaofanana kwa njia tofauti. Humlaza mtu haraka, kisha huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Mwenye hisia zinazopanda na kushuka akiendelea na hivi viwili, mengine yote niliyoyaandika hapa hayatamsaidia sana.

Kwenye chakula nitapita kwa ufupi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake. Chai ya rangi yenye sukari nyingi na andazi moja saa nne asubuhi, kisha hakuna kitu hadi saa tisa, ni maandalizi ya ugomvi. Kula kitu kinachokaa tumboni, kama maharage, yai, karanga au muhogo wa kuchemsha, na kula kwa saa zinazoeleweka. Akina mama wapime wingi wa damu: upungufu wa damu huleta uchovu na hasira za haraka ambazo watu huziita tabia. Na chai isinywewe pamoja na mlo, isubiri kama saa moja, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Kwa mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau dakika 150 kwa wiki. Ukishuka kituo kimoja kabla ya chako na kutembea asubuhi, unapata mwendo na mwanga kwa pamoja.

Kuna zana moja naipenda kuliko zote, daftari la shule. Kila usiku andika mstari mmoja: saa ya kuamka, namba ya hali yako kutoka 1 hadi 10, ulichokunywa, na kwa wanawake, siku ya hedhi. Fanya hivyo kwa miezi miwili. Muda huo una sababu: hali inayoharibika wiki moja kabla ya hedhi na kutulia siku chache baada ya kuanza haiwezi kuthibitishwa kwa mzunguko mmoja. Mwanamke anayeona kwa mwandiko wake kwamba siku zake ngumu zinajulikana, anaweza kuzipangia: asikopeshe wala kudai deni siku hizo, amwambie mumewe mapema, alale zaidi. Na daktari akiliona daftari hilo anaokoa muda mwingi wa kukisia.

Mazungumzo nayo yanatibu, yakiwa na mpangilio. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kuchukua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna mashangazi, makungwi na wazee wa baraza. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunawaendea kusuluhishiwa kesi, hatuwaendei kusema moyo umechoka.

Sasa nizungumze juu ya mpaka. Jambo kuwa la asili hakulifanyi liwe salama. Unga wa mizizi usiojulikana kipimo, unaouzwa kwa jina la kutuliza mawazo, unaweza kugongana na dawa za presha, za kifafa au za kufubaza VVU. Mwambie mfamasia kila unachokunywa. Dawa za hospitali nazo huweza kubadili hisia, kama prednisoloni, na efavirenzi iliyotumiwa sana zamani kwa VVU. Usiziache kwa uamuzi wako, rudi kwa aliyekuandikia. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizidisha kazi humfanya mtu awe na mapigo ya haraka, jasho na hasira, na kipimo cha damu huionyesha.

Upo pia ugonjwa wa baipola, ambao tabia njema pekee haziutoshi. Mtu analala kwa muda wa saa tatu tu na hachoki, anaongea mbiombio, anagawa fedha za ada, ana miradi kumi, na hali hiyo inadumu wiki nzima au zaidi. Wakati mwingine anazama kwenye huzuni kwa wiki mbili na kuendelea. Dawa zipo; lithiamu imetumika tangu Mwaustralia John Cade alipotangaza matokeo yake mwaka 1949. Kulala na kuamka kwa wakati husaidia dawa zifanye kazi, lakini hakuchukui nafasi ya dawa. Na yeyote anayesema angependa kufa apelekwe leo hii kwenye kituo cha afya kilicho karibu, asiachwe peke yake, hata kama Muhimbili, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi iko mbali.

Mkimpeleka mgonjwa, aende na mtu anayeishi naye nyumba moja. Aliyepanda sana hajioni kama anaumwa, na aliyezama hana nguvu za kueleza. Anayejua kwamba kwa siku nane zilizopita taa ya chumba chake haikuzimwa ni yule wa chumba cha pili, na maelezo hayo ndiyo yanayomwezesha daktari kuchagua dawa sahihi.