Kuchagua Programu ya Kutengenezea DVD za Masomo

Makusudi ya makala haya ni kumweleza mwanachuo namna ya kuchagua programu ya kompyuta itakayomwezesha kutengeneza DVD za masomo yake mwenyewe. Zipo shule zisizofikiwa na intaneti ambazo zina deki na televisheni. Katika shule hizo, DVD iliyotengenezwa vema ni zana ya kufundishia isiyofaa kudharauliwa.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja niliyemsimamia aliandaa somo juu ya kuota kwa mbegu. Kwa siku 9 alipiga picha za maharage kwa simu yake, akaziunganisha kuwa filamu ya dakika 10, akaichoma kwenye DVD. Katika kompyuta ya chuo filamu ilionekana barabara. Mbele ya darasa, deki iliizungusha diski ile kwa muda, kisha ikaikataa. Watoto walikaa wakikitazama kioo kitupu, na mwalimu wao akamalizia kipindi kwa kuchora mbegu ubaoni.

Kosa halikuwa la deki. Mwanachuo alikuwa amenakili faili ya MP4 kwenye diski kama mtu anayenakili barua. Deki nyingi za zamani huhitaji DVD iliyopangwa kwa kanuni maalumu: picha ziwe katika muundo wa MPEG-2, na mafaili yawekwe ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Kunakili tu ni sawa na kuandaa mezani maharage yasiyopikwa. Kwa hiyo, tunapochagua programu hatuna budi kuanza na deki itakayotumika darasani, wala si kompyuta tuliyo nayo. Programu ifaayo iwe na sifa zifuatazo:

(a) Iweze kugeuza muundo. Zipo programu za kuchoma tu, na zipo za kutengeneza DVD kamili. Mwalimu ahitaji hizi za pili.

(b) Iruhusu kuchagua mfumo wa televisheni. Televisheni za zamani za Afrika Mashariki ni za mfumo wa PAL, wenye picha 25 kwa sekunde. Mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani una picha karibu 30, na televisheni isiyoupokea yaweza kuonyesha picha zisizo na rangi.

(c) Iweze kutengeneza menyu na sura. Sifa hii yatuhusu sana sisi walimu. Filamu isiyogawanywa humfanya mtoto awe mtazamaji tu. Iliyogawanywa katika sura humwezesha mwalimu kusimama baada ya mzizi kutokeza, kuuliza, "Sasa mnadhani kitatokea nini?", kupokea majibu, kisha kuendelea. Aidha, mwalimu aweza kurudia sehemu ambayo haikueleweka bila kupoteza muda akiitafuta.

(d) Ionyeshe nafasi iliyobaki. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba GB 4.7, yaani filamu ya saa 1 hadi 2 kwa ubora wa kuridhisha. Tukizidisha, picha hufifia.

(e) Ipatikane kwa urahisi. Windows Vista na Windows 7 zilikuja na Windows DVD Maker, lakini programu hiyo iliondolewa katika Windows 8 mwaka 2012. Tusitegemee, basi, kuikuta katika kompyuta mpya. DVDStyler hupatikana bila malipo, hutumika katika Windows, Mac na Linux, na ina sifa zote tulizozitaja. Kompyuta isiyo na sehemu ya kuingizia diski huhitaji kifaa cha nje cha kuchomea.

Baada ya kuchoma, hakikisha kwamba programu imeifunga diski, kwani isiyofungwa huenda isisomwe na deki nyingine. Kisha fika shuleni kabla ya siku ya somo, uijaribu katika deki ile ile, kutoka menyu hadi sura ya mwisho. Hata hivyo, andaa mbegu halisi pia, maana umeme hukatika.

Mwanachuo yule alirudi darasani juma lililofuata akiwa na diski mpya aliyokwisha kuijaribu. Alipoisimamisha filamu baada ya sura ya pili, mikono ya watoto ilikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza.