Msumari wa Mti

Katika wilaya ya Kilosa, tangu bonde la Mkondoa hata nyika za Mikumi, yako miti mizuri ya useremala, kama mninga na mkongo. Lakini mti huchukua miaka mingi kunenepa, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, watu wamekatazwa kukata miti. Kwa hiyo boriti nene ni adimu. Seremala hana budi kujua namna ya kuzifanya mbao nyembamba zitende kazi ya boriti nene.

Mtu asiyejua atasema, “Ni rahisi, ziweke mbili, moja juu ya nyingine.” Lakini sivyo. Chukua rula mbili za mti zilizo sawa, uzilaze pamoja juu ya mawe mawili kama daraja, kisha ukandamize katikati. Tazama ncha zake. Utaona kwamba rula moja imeteleza juu ya mwenzake, na ncha hazilingani tena, kwa kuwa kila moja yapinda peke yake. Mbao mbili zisizoungwa hupinda mara nne ya ubao mmoja mzima wenye unene wa zote mbili. Basi kuteleza huko ndiko adui wa seremala.

Gundi huzuia kuteleza, lakini gundi nyingine huachia ikipata maji. Chuma nacho huzuia, lakini hushika kutu. Iko njia ya tatu, nayo ni msumari wa mti: kijiti cha mviringo, kigumu kuliko mbao zenyewe, kinachopigwa katika tundu lililotobolewa kwa keekee kupita mbao zote. Mbao zikitaka kuteleza, hukikuta kijiti kimesimama njiani.

Je, kijiti kisicho na gundi chashikaje? Siri yake ni ukavu. Mti hunywa unyevu na kuvimba upande wa unene, lakini kwa urefu hauongezeki ila kidogo sana. Fundi mwangalifu hukausha vijiti vyake kuliko mbao. Vikiisha kupigwa, hunyonya unyevu wa mbao na wa hewa, huvimba, na kulibana tundu. Fundi mvivu hutumia kijiti kibichi; kiangazi kikifika kijiti hunywea, hulegea, na benchi huanza kuyumba.

Ufundi huu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Watu wa Lamu na visiwa vyake waliunda chombo kiitwacho mtepe, kisicho na msumari wa chuma hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na vijiti vilipigwa kwa mshazari katika kingo zake ili mbao zisisogee. Katika Ulaya, tangu miaka ya 1970, injinia Julius Natterer alieneza ujenzi wa sakafu kwa mbao nyembamba zilizosimamishwa ubavu kwa ubavu. Kwanza ziliungwa kwa misumari ya chuma. Baadaye mafundi wakatumia vijiti vikavu vya mti mgumu.

Hata hivyo msumari wa mti una mpaka wake. Kijiti hupinda kidogo, na ukuta wa tundu hubonyea. Kwa hiyo boriti ya namna hii hupinda zaidi kuliko iliyogundishwa vema. Fundi hutengeneza upungufu huo kwa kupanga vijiti kwa akili. Katikati ya boriti mbao hazitelezi sana. Kuelekea ncha ndiko kuteleza kulikozidi, na huko ndiko vijiti vikaribiane. Lakini kisiwekwe ukingoni kabisa, maana ubao utapasuka. Tena nyuzi za kijiti ziwe zimenyooka toka ncha hata ncha, zikikatiza, kitavunjika.

Iko faida moja kubwa. Mbao zilizogundishwa huweza kuachana ghafula. Vijiti hubonyea polepole, na mara nyingi boriti hulia na kulegea kabla ya kuvunjika. Mwenye nyumba asikiaye mlio huo na kuweka nguzo mara moja huokoa paa lake, na watu walio chini yake.

MASWALI
1. Kwa nini mbao mbili zisizoungwa hupinda sana?
2. Kwa nini kijiti kikaushwe kuliko mbao?
3. Vijiti vingi viwekwe upande gani wa boriti, na kwa sababu gani?