Kisa Kisicho na Jibu Mwishoni

Ndugu wanakikundi, baadhi yenu mna watoto vyuoni na mmetuuliza: ni masomo gani haya ambayo mwalimu hafundishi, wanafunzi wanakaa tu wakibishana juu ya kisa cha mgonjwa?

Si uvivu wa mwalimu. Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990 kilichagua njia hiyo tangu mwanzo. Ilikuwa imeanza Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969. Wanafunzi wachache huketi na kisa mbele yao. Wanaulizana: neno gani hatulielewi? Shida ni nini? Tunadhani inatokana na nini? Na tunakosa kujua nini? Hayo ya mwisho wanayaandika, wanatawanyika kwenda kuyatafuta, kisha wanarudi kila mtu na alichopata. Mwalimu yuko hapo, lakini anauliza kuliko kujibu.

Kazi ngumu ni ya yule anayetunga kisa. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mama mchuma majani chai analetwa zahanati akitetemeka kwa homa. Ukisema palepale "ana malaria, akapewa dawa, akapona," umeua mazungumzo. Kwani wabishane nini tena? Afadhali karatasi ya kwanza iseme homa peke yake. Wakishachoka kubishana, toa ya pili: majirani watatu, watu wazima, nao wanaugua, na mvua imezidi. Sasa itabidi watafute kwa nini huku nyanda za juu malaria huangusha hata watu wazima, ambao miili yao haijaizoea kama ya watu wa kando ya ziwa. Watafika mpaka kwenye mlipuko uliofuata mvua za El Niño za 1997 na 1998. Karatasi ya tatu: mume alikuwa anangoja pesa za chai ndipo apate nauli. Hilo haliko katika kitabu cha dawa, na kwetu ndilo lenye uzito. Ndiyo maana chuo hicho huwapeleka wanafunzi vijijini, kwenye vituo vya afya na nyumba za watu.

Waliohudhuria semina za DELTA, zilizoanza Kenya miaka ya 1970 kwa mafundisho ya Paulo Freire wa Brazili, watatabasamu. Picha na michezo ya kuigiza ya semina zile ilifanya kazi hiyohiyo.

Basi hapa Longisa kikundi nacho kinaweza. Tuseme shida yenu ni mikopo isiyorudi. Karatasi ya kwanza: mwanachama alikopa shilingi 10,000 anunue ndama, na miezi mitatu hajalipa. Kelele zitakuwa moja: atozwe faini! Ya pili: ndama hakununuliwa, mtoto alilazwa hospitali. Ya tatu: katibu alijua yote akanyamaza, kwa sababu ni shemeji yake. Hapo wanachama wenyewe wataomba katiba ya kikundi isomwe, waone kama inasema lolote juu ya ugonjwa. Mmoja atatumwa kwa kikundi jirani akaulize wao huweka kando kiasi gani kwa dharura. Mweka hazina ataambiwa alete daftari, na tunadhani hiyo peke yake ni faida.

Lakini msichukue kisa cha mtu aliye hai kati yenu. Ukibadilisha jina ukaacha ng'ombe wa pembe moja, kijiji kizima kimeshajua ni nani, na mama huyo hatarudi mkutanoni. Changanyeni mambo ya watu wawili watatu wa mbali, ongezeni na ya kubuni.

Kwa kuwa si wote wanaosoma, kisa kisomwe kwa sauti, mara mbili, na kwa Kipsigis pia pale inapobidi. Karatasi ya tatu ikae mfukoni mwa msomaji mpaka mabishano ya ile ya pili yaishe, hata kama mwenyekiti anaidai.