Kuyeyusha, Kushikiza au Kuunga? Istilahi za Vioo vya Rangi Tanurini

Ndugu mmoja anayefundisha kazi za mikono mjini Mwanza alituletea mwongozo alioufasiri kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwongozo huo unaeleza namna ya kupanga vipande vya vioo vya rangi, vile vitumikavyo katika madirisha ya makanisa, na kuvitia katika tanuri la umeme mpaka viwe kitu kimoja. Kila mahali alitumia kitenzi kimoja tu, kuyeyusha. Wanafunzi waliufuata mwongozo neno kwa neno. Vibao vikatoka tanurini vizuri, kisha vikapasuka mezani siku ya pili. Yeye alililaumu tanuri. Sisi tuliona kwamba sehemu ya kosa imo katika lugha.

Kuyeyuka ni neno la barafu na risasi, vitu ambavyo vikifikia kiwango maalumu cha joto hugeuka kuwa kiowevu. Kioo hakina kiwango hicho. Hulainika kidogo kidogo. (Tumezoea kulitumia neno hili ovyo. Twasema wahunzi wa Kirongo wa Uzinza, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, waliyeyusha chuma, ingawa kilichoyeyuka hasa tanurini mwao ni taka za mawe, na chuma kikabaki donge la kufuliwa.) Kwenye nyuzi 750 hivi za Sentigredi vipande vya kioo hunata tu, na kila kimoja hubaki na umbo lake. Kwenye nyuzi 800 na zaidi kidogo huzama kimoja ndani ya kingine, uso ukawa bapa. Hatua ni mbili, nazo zadai maneno mawili.

Kwa hatua ya kwanza tunapendekeza kushikiza, neno la mafundi cherehani. Kwa hatua ya pili tulipewa myeyungano, neno litumikalo katika fizikia ya nyuklia; hatukulikubali, kwani lina kazi yake huko, na fundi wa karakana halimwambii kitu. Tumechagua kuunga kwa moto. Mfupa huungwa pasipo kitu cha tatu kati yake, na ndivyo ilivyo kwa vioo hivi. Kulehemu hakufai, maana anayelehemu hutia madini mengine baina ya vitu viwili.

Lakini kilichovunja vibao vya Mwanza ni neno jingine kabisa. Mfasiri aliandika kwamba vipande viwe “vinavyofanana”. Wanafunzi wakachagua vilivyofanana kwa unene na wekundu! Kinachotakiwa ni utanukaji ulio sawa. Kioo kimoja kikinywea kuliko mwenzake wakati wa kupoa, mkazo hubaki ndani, nao waweza kukipasua kibao baada ya saa au siku. Kioo cha kawaida cha madirisha hutengenezwa ili kishikwe na vipande vya risasi, kila kimoja peke yake. Hakuna aliyeahidi kwamba kitakubali kuungwa na kingine, hata kama vyote viwili vimetoka katika kiwanda kimoja. Kampuni ya Bullseye ya Portland, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilijipatia jina kwa kutengeneza vioo vilivyopimwa kwa ajili hiyo. Asiyekuwa navyo hana budi kujaribu mwenyewe: aunge kijipande juu ya kioo cheupe, akiache kipoe, kisha akitazame kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyopishanishwa. Akiona mng'ao ukikizunguka kijipande, mkazo upo. Vioo visivyo na mng'ao huo tunaviita vioo vinavyopatana, na sifa yenyewe upatanifu.

Limebaki agizo “acha kipoe”. Asili ilikusudia kioo kishikiliwe kwanza kwenye nyuzi 500 hivi, kisha kishushwe polepole, ili mkazo uliotokana na kupoa kusiko sawa uondoke. Kazi hii tumeipa jina la kutuliza kioo. Mfasiri aangalie asiahidi zaidi ya hapo, kwani vioo visivyopatana havitulii hata vikikaa tanurini wiki nzima.

Mwalimu wetu ameyakubali maneno haya yote isipokuwa kutuliza, ambalo kwake ni neno la hospitali. Tunaendelea kulijadili. Wasomaji walio karibu na karakana, huko Mwanza na kwingineko, watuandikie neno walisikialo likitumiwa na mafundi.