Je, Wajua? Ua la Ndulele na Nyuki Anayejua Kutikisa

Shuka kwenye daladala Kisesa, acha barabara ya Musoma, panda kuelekea Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Hutafika mbali kabla ya kukutana na mndulele, ambao Pwani huitwa mtunguja: kichaka chenye miiba, na matunda ya njano yenye sumu ambayo watoto hurushiana.

Je, wajua kwamba ua lake la zambarau halina hata tone la maji matamu ya kumpa nyuki? Lina chavua tu, nayo imefungiwa. Katikati ya ua vimesimama vifuko vitano vya njano. Mimea mingi hupasua vifuko hivyo kwa urefu, chavua ikawa wazi. Mndulele umeacha tundu dogo kwenye ncha, kama kichupa cha chumvi mezani. Usipotikisa, hupati kitu.

Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, hawezi kazi hii. Fundi ni nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti za paa. Hutua, hukumbatia vifuko, hutuliza mbawa, kisha hutetemesha misuli ileile ya kurukia mamia ya mara kwa sekunde. Ukisogea utasikia mlio wake ukipanda ghafla, mwembamba kuliko ule wa kuruka. Chavua hufyatuka ikamrukia tumboni. Kwenye ua linalofuata, kijiti cha stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kilichochomoza kupita vifuko humgusa palepale.

Si maua yote hubeba tunda, lakini. Tazama kishada: ua la chini kwa kawaida ndilo lenye kijiti kirefu, ndilo litakalozaa. Ya juu vijiti vyake ni vifupi, kazi yao kutoa chavua. Madume, tuseme.

Nyanya na biringanya ni ndugu wa ndulele, nazo hupenda mtikiso. Shambani upepo husaidia. Katika nyumba za vioo za Ulaya, ambamo upepo haufiki, wafanyakazi walipita ua kwa ua na kifaa cha umeme cha kutetemesha, hadi mwaka 1987 Wabelgiji walipoanza kuwauzia wakulima masanduku ya nyuki wanene wenye manyoya, jamii isiyo na asili kusini mwa Sahara. Mkulima wa huko akitaka kujua kama nyuki wamefanya kazi, huchungulia ua la nyanya akitafuta alama za kahawia: hapo ndipo nyuki alipong'ata ili asidondoke akijitetemesha.